Mlezi wa Watoto Alipwe Wakati wa Likizo?



Mwezi wa Novemba uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo hapa kwetu Kigonsera. Mjukuu wangu analelewa humo, na kwa kuwa mama yake alikuwa safarini, nilikwenda badala yake. Mambo ya kuzungumza yalikuwa matatu: choo cha watoto, uji, na ada. Choo na uji tuliyamaliza upesi. Ada ndiyo iliyotuweka pale mpaka jua likaanza kuchwa.

Jambo lenyewe laonekana dogo. Kituo hufungwa kama shule zinavyofungwa, yapata mwezi mmoja katikati ya mwaka, na mwezi mmoja na siku kadhaa kuanzia Desemba. Mwalimu wa kituo, binti wa miaka ishirini na kitu, aliomba kwa adabu kwamba wazazi waendelee kulipa ada hata katika miezi hiyo miwili. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Wazazi wangu, hata Desemba ninakula." Kisha akakaa.

Akainuka baba mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, akauliza, "Mwenye duka akifunga duka lake, mteja humlipa kwa kununua nini?" Watu wakacheka. Mwalimu akainamisha kichwa. Nami, nisiwafiche, nilicheka pamoja na wengine. Lakini njiani nikirudi nyumbani kicheko kile hakikunikaa vizuri, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri jambo hili. Mkutano ulivunjika bila kuafikiana, nao utarudiwa kabla ya kituo kufungwa tena. Ndiyo maana nimeona heri niandike mawazo yangu hapa, tuyapime pamoja.

Hoja za wanaokataa

Kwanza yatupasa tuwatendee haki wale wanaokataa kulipa, maana hawasemi upuuzi.

Wa kwanza husema kwamba mtu hulipia kile alichopokea. Mtoto wangu amekaa nyumbani mwezi mzima. Nimempikia mwenyewe, nimemwogesha mwenyewe. Sasa nilipe nini?

Wa pili hutazama kazi zetu sisi wenyewe. Wengi wetu tuna ndugu kando ya Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Mvuvi wa usipa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa, naye hukaa nyumbani. Upepo wa mwera ukivuma kwa nguvu, ziwa haliingiliki. Siku hizo nani humlipa? Na mkulima wa kahawa wa huku milimani hupata fedha yake mara moja kwa mwaka, baada ya kuchuma na kuuza. Miezi mingine hupalilia na kupogolea bila kuona senti. Basi kwa nini mwalimu wa watoto peke yake alipwe siku asizofanya kazi?

Wa tatu ni mama wa sokoni, na hoja yake ndiyo inayonichoma zaidi. Kituo kikifungwa, biashara yake haifungwi. Hana budi ampeleke mtoto sokoni akae naye juani, au amlipe binti wa jirani amwangalie. Ukimwambia alipe na kituo pia, analipa mara mbili kwa mtoto mmoja, naye faida yake ya siku nzima pengine haifiki bei ya kilo mbili za sukari.

Hizi ni hoja za watu wanaohesabu kidogo walicho nacho. Asiyezijibu asiseme amelitatua jambo hili.

Mshahara wangu wa Desemba

Nilipofika nyumbani jioni ile nilijiuliza swali moja: je, mimi nililipwaje?

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1981, nikafundisha shule za msingi kwa miaka 38. Kila mwaka shule zilifungwa katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka. Watoto walikwenda makwao, nami nilipumzika, nilishona, nililima shamba langu, niliwatembelea wazee. Sikumbuki hata mara moja kwamba nilikatwa mshahara wa Desemba kwa sababu madawati yalikuwa matupu. Sikumbuki mzazi akiuliza kwa nini mwalimu analipwa na darasa limefungwa. Wala mimi mwenyewe sikurudisha hata senti moja. Niliuona mshahara ule kuwa haki yangu, nao ulikuwa haki yangu kweli.

Sheria ya nchi husema vivyo hivyo kwa waajiriwa wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 mfululizo, naye hulipwa mshahara wake. Anayepumzika kwa likizo haambiwi kwamba ameacha kazi.

Wakristo tusishangae. Katika Kumbukumbu la Torati, amri ya kupumzika siku ya saba haikuwekwa kwa mwenye nyumba peke yake. Mtumwa alitajwa, mjakazi alitajwa, hata ng'ombe na punda walitajwa. Sasa nauliza: ni mkulima gani aliyeacha kumlisha ng'ombe wake siku ile ya mapumziko, akisema leo hakulima? Ng'ombe alipumzika, naye alikula.

Basi hapo ndipo liliponirudia jambo ambalo sikulifikiri kwa miaka mingi.

Msichana wa kule ziwani

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya wilaya hii, na mwanangu wa kwanza alikuwa mchanga. Nilipata msichana wa miaka kama kumi na sita, kutoka kijiji kimoja cha kando ya ziwa, aje anilelee mtoto nikiwa darasani. Alikuwa mpole na mwenye bidii. Asubuhi nilimwacha na mtoto mgongoni, nikaenda kufundisha watoto wa watu wengine kwa moyo uliotulia. Moyo ule uliotulia aliniletea yeye.

Shule zilipofungwa nilimwambia, "Nenda kwenu ukapumzike. Shule zikifunguliwa urudi." Nilimpa nauli ya kwenda na ya kurudi, na mche mmoja wa sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa shida. Nikajiona mkarimu. Mshahara wa mwezi ule sikumpa. Nilijiambia kwamba hakufanya kazi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani na mtoto wangu. Na mwisho wa mwezi uleule nilikwenda kuchukua mshahara wangu kamili.

Tazameni jambo lilivyokuwa. Likizo ilikuwa moja. Mimi niliyefundisha nililipwa. Yeye aliyeniwezesha kufundisha hakulipwa. Sababu niliyoikataa kabisa kwangu, niliitumia kwake bila kusita.

Nilifanya hivyo Desemba ile, na katikati ya mwaka uliofuata, na Desemba yake. Mara ya tatu hakurudi. Nilikasirika. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Muhula mzima nilimhamisha mtoto mkono hata mkono, leo kwa huyu, kesho kwa yule, naye akakonda na kulia usiku. Sikujiuliza hata siku moja kama kosa lilikuwa langu.

Tunalipia nini?

Sasa turudi kwa yule baba na swali lake la duka, maana ni swali jema na lina jibu.

Mwenye duka akifunga Jumapili, je, Jumapili hiyo halali njaa kwa sababu gani? Ni kwa sababu bei ya sukari aliyoiuza Jumamosi imekwisha kuibeba Jumapili ndani yake. Mvuvi naye akiuza usipa wake baada ya siku za giza, bei ile humlisha pia siku za mbalamwezi. Na isipomlisha, huacha uvuvi akatafute kazi nyingine. Mkulima wa kahawa ndivyo alivyo. Fedha ya msimu mmoja ni fedha ya miezi kumi na miwili, na bei ikiwa mbaya mwaka hata mwaka, hung'oa mibuni akapanda mahindi. Kumbe hakuna mtu aishiye kwa siku za kazi tu. Sote twaishi siku zote, na malipo ya siku za kazi hayana budi kuzilisha na siku nyingine.

Basi mwalimu wa watoto hakuomba kitu kigeni. Aliomba apate kile ambacho mwenye duka hujipatia mwenyewe kwa kupanga bei. Tofauti ni kwamba bei ya mwalimu tumempangia sisi, tena tumeipanga ndogo.

Tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Tuseme mlezi anahitaji shilingi 60,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, ili kituo kiendelee. Mzazi aweza kulipa shilingi 6,000 kwa miezi 10 ya kazi, na miezi miwili asilipe kitu. Au aweza kulipa shilingi 5,000 kwa miezi yote 12. Jumla ni ileile. Mzazi hakupoteza kitu, wala mlezi hakupata cha bure. Lakini tukichukua ile 5,000 ya miezi 12, kisha tukailipa kwa miezi 10 tu, tumempunguzia shilingi 10,000 kwa kila mtoto, na bado tunajiona tu watu wa haki kwa kuwa kituo kilikuwa kimefungwa. Hiki ndicho tunachofanya, na hapa ndipo dhuluma inapoingia bila mtu kuiona.

Kuna jambo la pili. Duka moja likifungwa, mteja huenda duka jingine, na sukari ni ileile. Mlezi si sukari. Mtoto wa miaka mitatu humjua mlezi wake kwa sauti, kwa harufu ya kanga yake, kwa jinsi anavyomshika mkono. Ninyi mlio na watoto mwajua kilio cha wiki ya kwanza, na jinsi kinavyoisha pole pole. Mlezi akiondoka Desemba kwa njaa, Januari watoto wote huanza kilio upya mbele ya uso wasioujua. Mwanafunzi aliyepanga chumba Songea hukilipia hata akienda nyumbani likizo, kwa sababu anataka akikute kingali chake. Kwa chumba twalijua jambo hilo. Kwa mtu atunzaye watoto wetu tunalisahau.

Mipaka yake

Hata hivyo sisemi kwamba kila kituo kikifungwa mzazi alipe tu. Kufungwa si kwa namna moja.

Iko likizo iliyojulikana tangu mwanzo wa mwaka. Hiyo ni sehemu ya kazi, na malipo yake yawe ndani ya mapatano. Iko namna ya pili, mlezi anapofunga kituo kwa shughuli zake mwenyewe, amekwenda kufanya biashara au ameondoka bila kuaga. Hapo mzazi hana deni, na mlezi asiyatumie maneno yangu haya kuwadai watu. Tena iko namna ya tatu, balaa isiyotoka kwa mlezi wala kwa mzazi.

Namna hii ya tatu tuliiona kwa macho yetu. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali yetu ilizifunga shule, na shule za msingi na vituo vya watoto havikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni mwaka huo. Kwa wenzetu wa Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurudi madarasani mpaka Januari 2022. Walimu wengi wa shule binafsi walibaki bila mshahara, wakashika jembe, biashara ndogo ndogo au pikipiki. Baadhi ya shule hazikufunguliwa tena. Lakini wazazi nao, wengi wao walikuwa wamepoteza kipato wakati uleule. Nani angekuwa na haki ya kumwambia mwenzake beba mzigo wote wewe? Katika balaa ya namna hiyo naona haki ni kugawana hasara. Mzazi aliye na kitu atoe sehemu ya ada, mlezi naye aikubali hiyo sehemu, na asiye na kitu asamehewe bila kusimangwa.

Na mama wa sokoni?

Nimesema hoja yake ndiyo inayonichoma. Siwezi kumwambia kwamba hesabu yangu ya shilingi 5,000 inamlea mtoto wake Desemba. Haimlei. Lakini nauliza: je, dawa ya shida yake ni kumnyima binti mwingine maskini mkate wake? Tukifanya hivyo, tunamwondolea maskini mmoja mzigo na kumtwika maskini wa pili, na sisi wenye nafuu tunakaa katikati tukiitazama haki inavyotendeka.

Mzigo wa mama huyu ni wetu sote. Twaweza kukubaliana kwamba kituo kisifungwe kabisa wiki za biashara kubwa kabla ya Krismasi, bali wazazi wapokezane zamu ya kuwaangalia watoto wachache ambao mama zao hawana pa kuwaacha. Wazee wenzangu wastaafu, mimi nikiwa wa kwanza, tunaweza kushika zamu. Tena kwa wakulima, ada isidaiwe kila mwezi kwa ukali wakati fedha haipo. Mkulima na alipe sehemu kubwa wakati wa fedha ya kahawa, na aliye na mahindi au maharage alete kwa debe, yahesabiwe kwa bei ya soko. Mlezi hula mahindi vilevile. Lililo kubwa ni kwamba mambo haya yasemwe na kuandikwa mwanzo wa mwaka, kila mmoja akijua atatoa nini na lini, isiwe Desemba ikifika mlezi anasimama mbele ya watu kuomba kama ombaomba.

Nililoambiwa sokoni

Miaka michache iliyopita nilikwenda Mbamba Bay kwa msiba. Siku ya kurudi nilipita sokoni kununua usipa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, Mama Fulani, kama alivyozoea kuniita zamani. Nilimtazama sana ndipo nikamtambua. Alikuwa yule msichana wangu, sasa naye ni bibi mwenye wajukuu.

Tulisalimiana kwa furaha, akaniuliza habari za mtoto aliyembeba mgongoni, nikamwambia sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Mwishoni nikamwuliza, kwa mzaha tu, "Lakini wewe, mbona ulinikimbia mwaka ule?"

Hakukasirika. Alisema, "Mama, sikukukimbia. Ile nauli ya kurudi tulinunulia mahindi. Nyumbani chakula kilikuwa kimekwisha, na mimi sikuja na mshahara."

Nilinyamaza. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya meza yake ya usipa, naye akacheka akasema hayo yamepita. Akanipimia usipa, akataka kunipa bure, nami nikakataa nikalipa. Lakini mishahara ile ya likizo tatu sikuwahi kuilipa, wala sikujua niihesabu namna gani baada ya miaka hiyo yote. Yako madeni ambayo yakikawia sana hayalipiki tena. Mtu hubaki nayo tu.

Ndiyo sababu nawaomba wazazi wenzangu, mkutano utakaporudiwa, tusimjibu yule binti kwa mfano wa duka. Tumwulize anahitaji kiasi gani kwa mwaka mzima ili Januari atukute na sisi tumkute. Kisha tugawane kiasi hicho kwa namna kila mmoja wetu anavyoweza, tukiandike, na tukitimize. Na kila mmoja wetu aliyewahi kulipwa mshahara wa likizo, naomba akumbuke mshahara ule kabla hajanyosha mkono kupiga kura.

Ni mimi wenu,
Mwalimu mstaafu, Kigonsera